Mstari Uko Wapi? Namna ya Kujizoeza Ufahamu wa Kiingereza

Najua tayari kuna mwanachama anayeguna na kusema, "Hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, huyu naye anatuletea Kiingereza cha nini?" Ndugu yangu, punguza jazba. Sikuja kukisifu Kiingereza wala kukitukana. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi mwanafunzi wa kawaida, wa shule ya kutwa kama mimi na wewe, anavyoweza kujizoeza kusoma kifungu cha ufahamu cha Kiingereza na kukijibu vizuri. Tena nitaonyesha kwamba Kiswahili chetu ni msaada mkubwa katika kazi hiyo, wala si kizuizi kama wanavyodhani wengine.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwani mficha maradhi kilio humfichua. Nilipokuwa kidato cha pili, mwezi wa Desemba, nyanya yangu alipata barua kutoka chama cha ushirika anakopeleka kahawa. Barua iliandikwa kwa Kiingereza. Nyanya hakusoma shule, kwa hivyo aliniita mimi, msomi wa nyumba. Nilisimama wima kama mbunge, nikasoma kwa sauti: "Payment will not be made..." Sikungoja zaidi. Nikamwambia, "Nyanya, wanasema hakuna malipo." Nyanya aliguna, akaikunja barua pamoja na karatasi iliyokuwa imebandikwa nyuma yake, akaitia chini ya godoro.

Tarehe 20 mwezi huo jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa karani, alipita nyumbani akaombwa aitazame. Kumbe sentensi ilikuwa na mkia! Ilisema: "Payment will not be made unless the attached form is returned by 15th December." Yaani malipo hayatafanywa isipokuwa fomu ile irudishwe kufikia tarehe 15. Pesa zilikuwepo. Walichotaka ni fomu tu, nayo ilikuwa imelala chini ya godoro siku zote hizo. Malipo ya nyanya yaliahirishwa hadi mwezi wa Machi. Pesa hizo ndizo zilizokuwa za chakula changu cha mchana hapa shuleni. Basi wale waliokuwa wakiniuliza muhula wa kwanza kwa nini nabeba viazi vitamu baridi kila siku, jibu ni hilo. Nilikula matunda ya ufahamu wangu mbaya.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe. Katika KCSE, ufahamu wa Kiingereza hupatikana katika karatasi ya pili. Karatasi hiyo ina alama 80 na hufanywa kwa saa 2 na nusu. Ufahamu una alama 20, kifungu kutoka kitabu teule alama 25, shairi au masimulizi alama 20, na sarufi alama 15. Ukitazama kwa makini utaona kwamba sarufi pekee ndiyo isiyotaka kifungu. Hizo nyingine 65 zote zinakutaka usome maandishi ya mtu na uyaelewe. Kwa hivyo anayesema, "Mimi ufahamu nitabahatisha tu," anabahatisha karibu karatasi nzima. Hata katika Kiswahili karatasi ya pili, ufahamu una alama 15 na muhtasari 15. Anayejua kusoma kwa makini huvuna mashamba mawili kwa jembe moja.

Hesabu ya wakati nayo ni rahisi. Dakika 150 ukizigawa kwa alama 80, kila alama inapata karibu dakika 2. Alama 20 za ufahamu zinapata dakika 37 hivi. Mimi huzigawa hivi: dakika 10 za kusoma kifungu mara mbili, dakika 20 za kujibu, na zinazobaki za kupitia nilichoandika. Wengi wetu husoma mara moja mbio mbio kama tunafukuzwa na fahali, kisha tunapoteza nusu saa tukirudi nyuma kutafuta tulichoruka.

KOSA LANGU LA KWANZA: KUJIBU KUTOKA KICHWANI

Mwanzoni mwa mwaka huu tulifanya jaribio. Kifungu kilihusu kijiji kimoja kando ya ziwa ambako watu walipewa vyandarua vya bure lakini malaria haikupungua. Swali likauliza: According to the passage, why did the nets not help the villagers? Loo! Nilifurahi, maana malaria naijua kwa mapana na marefu kutoka somo la Biolojia. Niliandika kwamba mbu anaweza kumuuma mtu jioni kabla hajaingia kitandani, na kwamba chandarua kilichotoboka hakifai. Nikajaza mistari sita na kuweka kalamu chini nikitabasamu.

Karatasi iliporudi nilikuwa na alama 7 kwa 20. Kando ya jibu langu mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, "True, but who said so?" Ni kweli, lakini nani amesema? Nilikwenda kulalamika. Mwalimu hakubishana nami. Aliweka kifungu mezani, akanipa kalamu na kuniambia, "Nionyeshe mstari." Nilitafuta juu, nikatafuta chini. Mstari haukuwepo. Kifungu kilisema wazi kwamba wanakijiji walivichukua vyandarua wakaenda kuvulia samaki! Hayo tu. Mbu wa jioni nilimleta mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba ufahamu si mtihani wa kile unachojua. Ni mtihani wa kile ulichoambiwa. Maneno "According to the passage" ni sawa kabisa na "Kulingana na kifungu" tunayoyaona katika Kiswahili, na maana yake ni kwamba ujuzi wako mwingine uuache nje ya mlango kama viatu. Ukimaliza kuandika jibu, jiulize swali moja: Mstari uko wapi? Kama huwezi kuuwekea kidole, futa.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza, "Je, na yale maswali yanayosema Why do you think?" Swali zuri. Hayo hayana jibu lililoandikwa moja kwa moja, lakini dalili zake zimeandikwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Chukua sentensi hii: "The old man hardly spoke to his neighbours, although he attended every funeral in the village." Ukiulizwa kama mzee huyu aliwachukia jirani zake, usiseme ndiyo kwa sababu hakuzungumza nao. Neno hardly halina uhusiano na ugumu, maana yake ni kwamba hakuzungumza nao ila kwa nadra sana. Lakini although inaleta upande wa pili: alihudhuria kila mazishi. Basi mzee hakuwa na chuki, alikuwa mkimya tu. Jibu halikuandikwa, lakini mstari upo wa kulishikilia.

VIJINENO VIDOGO VYENYE KISU

Maneno yanayotuangusha mara nyingi si yale marefu ya kutisha. Ni haya madogo: unless, although, however, yet, hardly, instead, until. Kazi yake ni kugeuza njia ya maana. Unless ilinigharimu chakula cha muhula mzima, kwa hivyo naiheshimu. Dawa niliyoipata ni hii: ninaposoma mara ya pili, kila kijineno cha namna hiyo nakizungushia duara kwa penseli. Nikifika kwenye duara nasimama na kuisema sentensi yote kwa Kiswahili kichwani: ingawa, hata hivyo, isipokuwa, badala yake. Ikikubali kwa Kiswahili, nimeelewa. Ikikataa, nasoma tena.

Tazama na hii: "If the driver had stopped, the child would have lived." Darasani kwetu nusu ya wanafunzi walisema dereva alisimama na mtoto akapona, kwa kuwa waliona stopped na lived. Sasa itie katika Kiswahili: "Dereva angalisimama, mtoto angalipona." Mwanafunzi gani wa Kiswahili asiyejua -ngali-? Mara moja unajua kwamba dereva hakusimama na mtoto hakupona. Kile kile tunachofundishwa katika sarufi yetu kinatatua fumbo la Kiingereza.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinatudekeza nalo. Sisi tuna ngeli. Nikisema, "Kikombe kiliangukia sahani kikavunjika," unajua kilichovunjika ni kikombe. Nikisema "ikavunjika," unajua ni sahani. Kiambishi kimekwambia. Lakini Mwingereza husema, "The cup fell on the plate and it broke." Nini kilivunjika? Neno it halina ngeli, haliwezi kukwambia. Itabidi utazame sentensi iliyotangulia au inayofuata. Kwa sababu tumezoea kuonyeshwa njia na viambishi, tunapita juu ya it, this na they bila kuuliza. Ninachofanya sasa ni kuchora mshale mdogo kutoka kwa neno hilo hadi kwenye kitu kinachotajwa. Kwa upande mwingine, he na she zinakwambia mwanamume au mwanamke, jambo ambalo kiambishi chetu cha a- hakisemi. Katika kifungu chenye watu watatu, herufi hiyo moja ya s inaweza kukuonyesha ni nani aliyeiba kuku.

MANENO USIYOYAJUA

Wengi wetu tukikutana na neno geni tunakata tamaa. Mimi pia nilikuwa hivyo, nilidhani mtihani unawapenda waliomeza kamusi. Lakini neno halikai peke yake, lina majirani. Soma hii: "The boy was reluctant to enter the water, but his sisters jumped in at once." Tuseme hujawahi kuona reluctant maishani mwako. Tazama but. Dada zake waliruka majini mara moja, na but inasema mvulana alikuwa kinyume chao. Kwa hivyo hakutaka kuingia, alisitasita. Umelipata bila kamusi.

Swali la msamiati husema tueleze maana ya neno "as used in the passage". Katika Kiswahili tunasema "kama lilivyotumika katika kifungu". Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo. Sisi tunajua kwamba kaa anaweza kuwa mnyama wa pwani, kaa linaweza kuwa kipande cha makaa, na kaa ni kumwambia mtu aketi. Paa naye yuko porini, juu ya nyumba, na angani. Kiingereza nacho kina mambo hayo hayo. Fine inaweza kuwa nzuri, na inaweza kuwa faini ya polisi. Ukimaliza kuandika maana, irudishe ndani ya sentensi mahali pa neno lile. Kama ni nomino, maana yako nayo iwe nomino. Kama ni kitenzi, iwe kitenzi cha wakati ule ule. Kama sentensi inachechemea, hujapata.

KULISIKILIZA SWALI

Swali nalo ni kifungu kidogo, linataka kusomwa. Likisema "in your own words", ukinakili mstari mzima wa mwandishi unapoteza alama hata kama mstari ni ule ule hasa. Likisema "quote", basi nakili neno kwa neno na uweke alama za kunukuu. Likisema "in note form", andika hoja fupi fupi, moja chini ya nyingine, usiandike insha. Likitaja idadi ya maneno, hesabu maneno yako kama unavyohesabu chenji dukani. Na zile alama zilizoandikwa mwishoni mwa swali ni mwongozo: alama 2 mara nyingi ni hoja mbili. Mwenye kutoa hoja moja kwa urefu wa ukurasa hapati zaidi, ila mkono humuuma.

Maswali ya msimamo au hisia za mwandishi yana miguu miwili. Kwanza unataja sifa yenyewe, kwa mfano kwamba ana huruma au anakejeli. Pili unatoa ushahidi. Mguu mmoja ukikosekana jibu linaanguka. Tunarudi pale pale: mstari uko wapi?

TUNAVYOJIZOEZA SISI

Nimesema mengi juu ya kifungu, sasa niseme juu ya mazoezi, maana kujua kuogelea kwa maneno hakumwokoi mtu mtoni. Sisi watatu wa njia moja tumeunda kikundi. Hatuna vitabu vingi, lakini karatasi za mitihani iliyopita zipo kwa walimu wetu, na magazeti ya zamani hayakosekani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, hata nyama nyumbani kwetu aghalabu huja imefungwa kwa gazeti. Nikimaliza kulitoa nyama nalipanguza, nakata habari moja isiyochafuka na kuiweka katika daftari. Msicheke! Kifungu ni kifungu hata kikinuka maini.

Kila Jumanne na Alhamisi, kabla ya kengele ya asubuhi, mmoja wetu huleta habari aliyoichagua pamoja na maswali matano aliyoyatunga. Hapo ndipo siri ilipo. Kutunga swali ni kugumu kuliko kulijibu, na mtu aliyezoea kutunga huanza kuona mtahini anakofikiria. Tunatunga moja la habari iliyo wazi, moja la sababu, moja la neno, moja la "kwa nini unafikiri", na moja la muhtasari. Wawili wanajibu kwa maandishi. Kisha tunasahihishana, na sheria yetu ni moja tu: hakuna kubishana bila kidole. Anayetetea jibu lake lazima aweke kidole kwenye mstari. Mara nyingine hata mtungaji hushindwa kuuonyesha, naye hutozwa kuimba wimbo. Nimeimba mara nne.

Kosa ninalolifanya naliandika nyuma ya daftari: nimeruka kijineno, nimejibu kutoka kichwani, nimenakili, au sikumaliza sentensi. Baada ya mwezi mmoja nilihesabu nikakuta makosa mengi zaidi yalikuwa ya kujibu kutoka kichwani. Ugonjwa ukijulikana, dawa huwa karibu. Sijidai kuwa nimekuwa bingwa. Katika jaribio la muhula wa pili nilipata alama 14 kwa 20, na alama 6 bado zinanikimbia. Lakini kutoka 7 hadi 14 si haba, nami bado ni yule yule, na kamusi ninayotumia ni ile ile iliyochanika.

Likizo ya Agosti nyanya alipata barua nyingine kutoka pale pale. Safari hii sikusimama kama mbunge. Niliketi karibu naye, nikaisoma kimya hadi sahihi ya mwisho, nikatazama na nyuma ya karatasi. Nikaisoma tena kwa kidole, kisha nikamweleza sentensi baada ya sentensi: walikuwa wakiwaalika wakulima mkutanoni, na kila mmoja aje na kitambulisho chake. Nyanya alinitazama.

"Umefika mwisho kabisa?" akaniuliza.

"Nimefika, nyanya."

"Hakuna maneno mengine yaliyobaki huko chini?"

"Hakuna."

"Basi nionyeshe wamesema wapi mambo ya kitambulisho."

Mwanamke ambaye hajui kusoma hata herufi moja alitaka kuona mstari! Niliushika mkono wake nikaweka kidole chake pale.

Wenzangu, ukurasa umeniishia. Fungeni vichwa vyenu kwa muda, fungueni macho, msome hadi nukta ya mwisho. Mwenda pole hajikwai. Tukijaliwa tutaonana katika toleo lijalo, na aliye na maoni anitafute chini ya mwembe saa ya chakula cha mchana. Siku hizi mimi hula githeri moto kama ninyi.